Ndege Iliyomleta Mdogo Wangu

Nilikuwa nikipiga pasi kwa madam wangu, mtaa wa Al-Safa, Jeddah, ujumbe ulipoingia kwenye simu: ndege kutoka Nairobi imeanguka Riyadh, abiria wote wamekufa. Mdogo wangu alikuwa ndani ya ndege hiyo, anakuja kuanza kazi. Nikampigia rafiki yangu aliyeutuma ujumbe ule.

“Umeona mwenyewe?”

“Hapana, nimeambiwa na Mkenya anayepakua mizigo uwanja wa ndege wa Riyadh.”

Alinipa namba ya huyo Mkenya, nikampigia.

“Mimi sikusema imeanguka, dadangu,” alisema. “Ilitoka nje ya njia ya kutulia ndege ikitua. Nimeona watu wakishuka.”

“Wote?”

“Niliowaona walikuwa wazima. Wengine siwezi kusema.”

Nilimwamini kwa sababu alisema alichokiona tu. Nikamweleza madam, naye akapiga simu uwanjani, akauliza kwa Kiarabu swali lile lile mara mbili. Alipokata alinishika mkono.

“Wote wametoka. Halas, basi, usilie.”

Jioni mdogo wangu alipiga kwa simu ya kuazima. “Dada, niko salama,” alisema, “ila viatu vyangu vimebaki ndani ya ndege.”

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.