Timazi Anayejua Alhamisi Watakula Nini

"Hivi wewe, leo Jumapili, unajuaje kama Alhamisi utakuwa na hamu ya kabichi?"

Swali hilo mwashi mmoja aliulizwa mwaka jana na jirani yake, fundi wa redio, aliyemkuta amechuchumaa uani na binti zake wawili. Walikuwa wakiandika vyakula vya jioni vya wiki nzima kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

"Sijui," alimjibu. "Lakini kabichi ina subira, mchicha hauna. Kwa hiyo mchicha tunaula kesho, na kabichi inangoja zamu yake."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi naye ana karatasi kama hiyo nyumbani, ingawa husema ni ya mke wake.

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatano. Mwashi huyu anasimama jikoni akiwa na soksi tu miguuni, asije akawaamsha watoto. Kazini wanamwita Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta, kwa kuwa haamini ukuta umenyooka mpaka aupime mara mbili. Hajiulizi apike nini. Anapeleka kidole kwenye karatasi iliyopigiliwa misumari minne nyuma ya mlango: Jumatano, wali, maharage, karoti.

Maharage yako kwenye ndoo tangu jana jioni, yameshavimba. Anayaosha, anayabandika, kisha anapiga magoti pembeni ya jiko na kusali kwa sauti ya chini. Sufuria inapoanza kutokota, anasema amina na kuinuka kupunguza moto. Mpaka wakati wa kutoka, yatakuwa yameiva. Jioni itabaki kuyaunga tu.

Karatasi hiyo ina safu tatu. Ya kwanza ni siku, ya pili ni chakula. Ya tatu ameiandika juu yake, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote: JANA YAKE.

"Hii ndiyo kazi yenyewe," anasema, akiigonga kwa ukucha ulioganda saruji. "Maharage yalowekwe jana yake. Viazi vichemshwe jana yake. Zege la leo linataka kokoto ziwe zimeshafika. Sasa kwa mwenye nyumba sibahatishi, nikabahatishe kwa matumbo ya wanangu?"

Hakuzaliwa na akili hiyo, mwenyewe anakiri.

Mke wake alikuwa msafishaji wa zahanati kwa miaka tisa. Alideki wodi huku majina ya dawa akiyajua kichwani. Mwaka juzi alipata nafasi ya kusomea uuguzi, miaka miwili, chuo kikiwa safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Alisitasita. Mume ndiye aliyemfungia begi.

"Nilimwambia, nenda, mimi nipo. Nilisema kwa kifua kabisa. Kupika nilikuwa sijui hata mlango wake."

Wiki ya kwanza alipima mchele kwa kipimo cha watu wanaobeba zege. "Kikombe kimoja kwa watu wawili? Nikaona haiwezekani, nimedanganywa. Nikaweka vinne kila mtu." Wali ule ulilisha nyumba tatu, na kuku wa jirani wakapata chao.

Kisha akanunua gunia zima la vitunguu, maana kazini kitu kikinunuliwa kwa wingi ndiyo nafuu. Viliota majani kabla hawajafika nusu.

"Tulikula vitunguu kwa vitunguu," anasimulia binti mdogo, wa darasa la pili. "Baba alikuwa anasema eti supu."

Mwisho akachoka. Alikuwa akitoka kazini hajui kuna nini nyumbani, anapita kununua chochote kilichokaangwa barabarani, au wanakunywa chai na mkate na kulala. Kwa hesabu yake, karibu nusu ya ujira wa wiki ilikuwa ikiishia hapo, na bado watoto waliamka na njaa.

Ndipo shemeji alipoingia.

Huyu ni dada mkubwa wa mkewe, mpishi wa shule ya bweni, mtu wa kupikia wanafunzi mia tatu bila kutoa jasho. Alikuja bila hodi ya simu, akakuta chai na mkate kwa siku ya tatu mfululizo. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, mimi sikugombezi," alimwambia. "Lakini nikirudi nikikuta hivi tena, nampigia mdogo wangu aache chuo aje alee wanawe. Na siku ya kurudi sikuambii."

Timazi anasema hakulala vizuri. "Najua akiita, mke wangu anarudi. Huyo ndiye aliyemlea. Na akirudi kabla ya kumaliza, hataipata tena nafasi ile."

Jumapili iliyofuata, walipotoka kwenye ibada, alichana mfuko mtupu wa saruji, akaukung'uta, akawaita binti zake. Tangu hapo hawajaruka Jumapili hata moja.

Kwanza mkubwa, wa darasa la sita, anaingia jikoni na kutaja kwa sauti kilichobaki. Kila mtu anachagua siku moja ya chakula anachokipenda, hakuna kumpinga. Siku nyingine zinapangwa kwa kuangalia kipi kitaoza mapema. Kisha wanakwenda sokoni mara moja, na ambacho hakikuandikwa hakinunuliwi, hata muuzaji abembeleze vipi.

Jumamosi hawapiki kipya. Mabaki ya wiki yote yanatolewa mezani, na watoto wameipa siku hiyo jina la Mkutano Mkuu.

"Wajumbe wa Jumanne hawakuhudhuria," mkubwa hutangaza akifunua sufuria. "Waliliwa wote."

Sasa chakula kinachukua kama robo ya ujira wake, ambao nao huja siku nne au tano kwa wiki, kutegemea kazi. Kinachosalia kinakwenda chuoni. Imebaki miezi minane.

"Mungu akijalia akamaliza, mimi jikoni sitoki," anasema akipanga matofali, mchana jua likiwa kali. "Siku tatu zangu, tatu zake, na Mkutano Mkuu wa wote. Nataka Jumapili tuichuchumalie ile karatasi tukiwa wanne."

Saa kumi na mbili kasoro jioni anafika nyumbani, nyusi zimeota mvi za saruji, penseli bado iko sikioni. Mlangoni anasimama ghafla. Kuna viatu vya kike, vikubwa, vimepangwa sawasawa.

"Yupo," anasema taratibu, na kufuta mikono kwenye suruali.

Shemeji amekaa kwenye kigoda katikati ya jikoni, kilemba hakijavuliwa. Watoto wamesimama ukutani kama wanaokaguliwa kucha.

"Karibu, shemeji. Umefika saa ngapi?"

"Saa ya kuona. Mnakula nini leo?"

"Usiniulize mimi. Uliza mlango."

Shemeji hageuki kuutazama mlango. Timazi ananawa mpaka viwikoni, anawasha jiko. Mkubwa ameshachagua mchele na kumenya karoti. Vitunguu vinalia kwenye mafuta, maharage yanafuata.

"Chumvi unapima kwa mkono upi?" shemeji anauliza.

"Wa kulia."

"Mkono huo mpana."

Timazi anarudisha nusu kwenye kopo bila ubishi. Baada ya dakika arobaini wanakaa kula. Shemeji anakula, anapakua tena, halafu tena.

"Mama mkubwa, umeongeza mara mbili," mdogo anamnong'oneza.

"Naonja. Jana mlikula nini?"

"Viazi na mayai."

"Na juzi?"

"Mchicha na wali. Na kesho kabichi. Kila Alhamisi kabichi, mama mkubwa, tumeshamsema baba."

Sahani zinapoondolewa, shemeji anavaa miwani na kwenda mlangoni. Anasoma karatasi kuanzia juu, kidole kikishuka polepole. Kwenye safu ya tatu anakaa sana.

"Haya ya jana yake, nani kakufundisha?"

"Zege."

Anaguna. Hata kucheka hacheki.

Timazi anajikaza. Ndilo swali alilotembea nalo tangu mwaka jana. "Na ile simu, shemeji? Utampigia mdogo wako?"

Shemeji anaichomoa penseli sikioni mwa mwashi, anainama, na kwenye mstari wa Jumapili, palipoandikwa viazi na kabichi iliyobaki, anaongeza kwa mwandiko wa kubana: "Mama mkubwa na mumewe." Anahamia safu ya tatu, mstari uleule: "Kuku ataletwa na mama mkubwa, amechinjwa."

Anairudisha penseli ilipokuwa, anawapapasa watoto vichwa, anavaa viatu vyake na kutoka.