Nusu Shari Kule Gahanga

Jumamosi ile wapatanishi wa kijiji walitarajiwa kuja Gahanga kupima mpaka wetu na jirani, lakini mume wangu akawatangulia. Alhamisi, nikiwa kazini Gikondo, aling'oa miyenzi yetu, ile miti ya utomvu mweupe tunayopanda mipakani, akaipanda upya hatua chache ndani ya kiwanja chetu. Niliporudi nilimkuta ananawa udongo mikononi, ana furaha kama mtu aliyetoka kuungama.

"Mama watoto, mambo imekwisha," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. "Heri nusu shari."

Nilitamani kumrushia jembe. Kesi tulikuwa hatujashindwa! Jirani alidai ukanda ule ni wao tangu enzi za babu yake. Sisi tulisema tumeununua. Hakuna aliyekuwa na uhakika, ndiyo maana wapatanishi waliitwa. Nikamwambia kumwachia mtu kitu kabla haki haijasemwa si amani, ni kumbembeleza, na anayebembelezwa hujifunza kulia. Akanijibu kwamba amekulia ukimbizini, ameona wanayofanyiana majirani kwa sababu ya ardhi, na hatua chache za mihogo hazistahili hata tusi moja. Hilo likaniudhi zaidi.

Maana ukanda ule ndipo tulipopanga kujenga chumba cha mama yangu. Mama yuko Kigoma tangu ujana wake, kwenye vyumba vya kupanga, na alishaniambia anataka dirisha linaloingiza jua la asubuhi.

Jumapili, kesi ikiwa imekwisha bila wapatanishi, jirani alikuja na dumu la urwagwa, pombe ya ndizi. "Sasa tuko ndugu kabisa," akamwambia mume wangu, wakanywa. Alikuwa mtu mwema, aliwauliza watoto habari za shule, na hilo ndilo lililonikera. Ningemchukia vipi?

Mama akapiga simu katikati ya vicheko vyao. Nikamweleza yote, kisha nikaweka spika ili baba watoto asikie mwenyewe. Nilingoja amkaripie.

Mama akamsifu. Alisema mwanamume asiyependa ugomvi ni bahati, nisimsumbue. Halafu akauliza, bila kinyongo, "Na mimi, mwanangu, mmenipangia kulala wapi?"

Mume wangu akageuka kuitazama ile miyenzi. Jirani ndiye aliyetangulia kuweka kikombe chini.