Nadhiri ya Mwanapili na Ligi ya Waholanzi

Wifi yangu Mwanapili ana maradhi mamoja yasiyo dawa: akishasema, kasema. Kaka yangu Mbarouk, Mungu amrehemu, aliishi naye umri mzima na hakuweza kumbadilisha hata namna ya kumenya muhogo. Sasa nimebaki naye mimi, hapa hapa Ole, Pemba, milango yetu inatazamana, kinu chake kiko kwangu na mbuzi yangu ya kukunia nazi iko kwake, na haipiti siku hatujagombana. Kwa hiyo nikimsema hapa msinilaumu. Ni wifi yangu, nna haki naye.

Mtoto anaye mmoja tu, Fahmi. Huyu alipofika darasa la sita alianza kurefuka, na sote tukawa tunangoja tuone atakomea wapi. Kanzu ya Sikukuu Ndogo ikifika Sikukuu Kubwa ishakuwa shati. Alipokwenda kusoma mjini Chake akakaa Tibirinzi kwa jamaa zetu, na huko ndiko walikomtia kwenye mpira wa kikapu. Akatoka hapo akapelekwa Dar, kutoka Dar akapata chuo Marekani kwa ajili ya mpira huo huo, na mwaka jana timu ya mji mmoja mdogo huko Uholanzi ikamchukua akacheze ligi yao ya kulipwa. Mwanapili alipopewa habari aliuliza jambo moja tu: huko muhogo unapatikana?

Mechi zao zinaonekana kwenye simu, na simu ya maana mtaa huu ninayo mimi. Basi Jumapili baada ya sala ya alasiri wifi huvuka njia, huweka mkeka barazani kwangu, tukaegemeza simu kwenye sufuria na kutazama. Wiki za mwanzo tulimtazama Fahmi amekaa. Wenziwe wanakimbia, yeye yuko benchi, taulo begani, kazi yake kuwapigia makofi na kuwapa maji.

"Mbona yeye kakaa kama mgeni?" wifi akaniuliza.

Nikamweleza kuwa kocha ndiye anayechagua nani aingie, na Fahmi bado hajachaguliwa. Jumapili ya pili Fahmi akakaa tena, na ya tatu, na mara hiyo nilimuona wifi anafuta macho kwa ncha ya kanga akidhani sioni. Mtoto ametoka Pemba, kavuka bahari ngapi, kaenda kushika taulo! Mimi niliwatukana wale Waholanzi palepale. Yeye hakutukana. Aliinua mikono akasema, "Ya Rabbi, mtie mwanangu uwanjani. Kila mechi atakayoingia, n'tafunga siku moja. Nadhiri."

"We Mwanapili!" nikaruka. "Una sukari weye! Hebu rudisha maneno yako."

"Nishasema."

Mnaona? Hayo ndiyo maradhi niliyowaambia.

Na ngoja niwaambie alivyopiga hesabu yake. Mwanapili mpira anaoujua ni huu wetu wa uwanja wa Gombani. Timu inacheza leo, halafu watu wanarudi mashambani kwao, wanachuma karafuu, wanaoza watoto, mpaka siku mtu anakumbuka, ala, kwani wale hawachezi tena? Yeye alijua atafunga siku moja moja, mwaka umekwisha. Nami nilijua hivyo hivyo, ndiyo maana sikumkazania zaidi.

Mungu akapokea. Mwenzao mmoja akateguka mguu, kocha akageuka nyuma, akamuita Fahmi. Yarabi toba, siku ile! Wifi aliibeba simu yangu akaipakata kama mtoto mchanga, mie sioni kitu, nasikia tu makelele ya Wazungu kifuani mwake. Fahmi akatia vikapu viwili. Kesho yake wifi kafunga, uso umemnawiri, anapita anasalimia watu wasiokuwepo.

Tangu siku hiyo hawakumtoa tena. Wakacheza Jumapili, wakacheza Jumatano, wakacheza Jumamosi. Kukawa na ligi, na ndani ya ligi kukazuka kombe. Nikasema basi, wakimalizana Waholanzi kwa Waholanzi tutapumua. Fahmi akatuambia kwa furaha kabisa kuwa wakimalizana wao kwa wao wanaanza na Wabelgiji, maana ligi zao zimeungana, na baada ya Wabelgiji kuna mtoano.

"Wabelgiji nao?" nikamuuliza. "Nyinyi huko hamlimi? Hamuozani? Hamzikani? Kazi yenu kutupia mpira kwenye shimo tu?"

Wifi akanifinya paja. "Waache. Wanamlisha mwanangu."

Na kila mechi, siku yake. Fahmi hajui hata chembe, anajua mama yake yu mzima na anamuombea. Ramadhani ikaingia, na Ramadhani haichanganywi na nadhiri, kwa hiyo mechi za mwezi ule zikawa zinamngoja. Sikukuu ilipokwisha akaanza kuzilipa mfululizo, na huku mechi mpya zinaongezeka. Mashavu yakaingia ndani. Kanga zikawa zinamzunguka mara mbili. Nikimpelekea uji ananitolea macho. Nikimgombeza ananiuliza kama mimi ndiye niliyetoa nadhiri au yeye.

Siku moja ya masika nilimuita hakuitika. Nikamuendea shambani, nikamkuta kaanguka katikati ya matuta ya muhogo, jembe chini yake, mvua inampiga usoni. Nilipiga ukelele huo, nadhani mpaka kule Konde walinisikia. Watu wakaja, wakambeba, tukampeleka hospitali Chake. Sukari ilikuwa imeshuka. Daktari, Mungu ampe kheri, alimtundikia maji, akaniita pembeni akaniambia huyu mama asifunge tena, akifunga tutampoteza.

Wifi alipofumbua macho neno lake la kwanza lilikuwa, "Fahmi asiambiwe. Ataharibikiwa na mchezo. Niapie."

Nikasema, "Haya." Na haya si kiapo.

Tuliporudi nyumbani nikamleta Shehe Ahmada, maana mimi hanisikilizi. Shehe akakaa, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole, "Bi Mwanapili, Mungu hana haja na roho yako kwa ajili ya mpira. Lisha maskini kumi, hiyo ndiyo kaffara yake. Umetoka kwenye nadhiri, na wala usirudie."

Kwa Shehe hakubisha. Nikapika mimi, wali wa nazi na samaki wa kupaka, yeye yuko kitandani ananiamrisha kupitia dirishani, tia chumvi, punguza moto, usiwapunje. Watu wakaja wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Nikaingia ndani kumwambia bwana eeh, tushamaliza, nikamkuta kageukia ukutani analia.

"Una nini tena?"

"Wali ungepika weye, angepika yeyote," akasema. "Njaa ile ilikuwa yangu, Tatu. Alasiri koo likinikauka nilikuwa nasema, na yeye sasa koo limemkauka, na yeye anahema. Nilikuwa naye. Sasa mie nna nini huko?"

Nilipanda kitandani nikakaa naye, tukalia sote wawili kama wajinga.

Asubuhi nikampigia Fahmi, nikamwambia yote, tangu taulo mpaka jembe. Nilidhani simu imekatika, kumbe mtu mzima wa urefu ule analia. Kisha akasema, "Shangazi, basi mie sichezi tena. N'tamwambia kocha goti linaniuma."

"Thubutu!" nikamwambia. "Akuone umekaa tena na taulo? Hapo ndipo utamzika."

"Sasa nifanye nini?"

"Mie sijui. Aliyesoma Marekani ni weye."

Jumapili iliyofuata simu ikalia mapema, mechi haijaanza. Fahmi yuko kwenye chumba chao cha kuvalia, kavaa jezi, miguu mitupu. Nikampa mama yake.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Shangazi, kala?"

"Muongo," nikasema. "Tangu asubuhi kanywa chai kavu tu."

"Mama, wallahi sivai viatu mpaka nikuone unakula."

Wifi akacheka, akadhani mtoto anamfanyia mzaha. Fahmi akaviinua vile viatu, kila kimoja kama kihori cha kuvulia samaki, akaviweka pembeni yake na kukunja mikono. Nyuma yake wenziwe wanatoka mmoja mmoja. Hapo wifi akamtazama vizuri, akaniambia bila kugeuka, "Lete sahani, huyu ni mtoto wa Mbarouk." Anamsingizia marehemu, ukaidi ule ni wake mwenyewe. Nikaleta muhogo wa kuchemsha na samaki changu wa kuchoma. Akala. Fahmi anamwangalia kila tonge linavyoingia. Sahani ilipofika nusu akavaa kiatu kimoja.

"Na cha pili?" wifi akauliza.

"Malizia samaki."

Basi ikawa ndiyo desturi. Mechi ipo, sahani ipo. Mashavu yake yakarudi, na ukali ukarudi pamoja nayo, alhamdulillahi, akaanza tena kunidai kinu chake.

Wakafika kwenye mtoano, na Jumapili ya mwisho ikaja, mechi ambayo wakifungwa msimu umekwisha. Fahmi alikuwa kashatuambia kuwa hata wakishinda harudi mwaka huu, timu inamtaka abaki kiangazi chote afanye mazoezi, kisha msimu mwingine unaanza. Wifi alisikia, akaitika kheri inshallah, akaenda kupalilia.

Siku hiyo alikaa mkekani kavaa kanga mpya. Nikamwekea sahani, simu mbele yake. Fahmi yule pale, miguu mitupu. Mara akaingia kocha, jibaba lenye kipara na masikio mekundu, anaonyesha saa yake na kusema maneno ya kwao. Fahmi akamjibu, akamgeuzia simu. Yule bwana akainama, akamuona wifi yangu anatafuna. Akaangalia viatu chini, akaangalia tena simu. Kisha akavuta benchi akakaa karibu na Fahmi, wakawa wawili wanamtazama.

Na yeye anatafuna taratibu. Kipande kidogo cha muhogo, anakizungusha mdomoni, anakihamisha shavu hili kwenda lile, anatoa mwiba ambao haupo. Mimi damu ikaanza kunichemka. Uwanja mzima umejaa, Wabelgiji wanangoja, kocha mzima kakaa kitako kwa ajili yake!

"Wifi, fanya hima basi!" nikamnong'oneza. "Mtoto anasubiriwa!"

Hakunitazama. Macho yako kwa Fahmi, mkono uko sahanini.

"Niache, Tatu," akasema polepole. "Nikimaliza ataondoka."

Nikamwongezea kipande cha muhogo.