Mkeka wa Wageni

Jirani yangu hapa Downsview, ughaibuni, ni mama wa Kichina. Anashona kiwandani, na mwanawe amebaki kwao, analelewa na bibi. Tukipanda lifti pamoja koti lake linanuka mafuta ya cherehani, nami hutazama chini.

Mama yangu naye alinuka hivyohivyo. Kiwanda chao cha nguo kilikuwa mjini, mbali, na mimi nililelewa na bibi. Siku moja mwanamke akapiga hodi. Nikampa shikamoo, nikamtandikia mkeka wa wageni, nikamletea maji. Nyuzi za pamba zilikuwa zimenasa kwenye kilemba chake.

"Utalala, au unapita tu?" nikamuuliza.

Bibi akatoka jikoni. "We mtoto, humjui mama yako?"

"Mama si wewe?"

Bibi akainua mkono anichape. Mama akamshika. "Mwache, mama. Amenipokea vizuri."

Akanywa maji yote, polepole, kisha akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. "Ahsante, mwenyeji wangu."

Nami, mtoto niliyefunzwa adabu, nikamjibu, "Karibu tena."