Msumeno Uliopandwa Sakafuni

Mimi nilitaka ile yenye matairi. Nilisema wazi, dukani Nachingwea mjini, mbele ya muuzaji na watu waliokuja kununua misumari, na wala sikuona haya. Ilikuwa mashine ya msumeno wa mkanda, ule wa utepe wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili, mpya, ya kijani, nyepesi kiasi kwamba muuzaji aliisukuma kwa goti kutuonyesha. Mume wangu aliitazama kama mtu anayetazama kuku mgonjwa sokoni. Akagonga bati lake kwa kidole, akazungusha gurudumu la juu, akasema, "Hili debe." Tukatoka.

Niseme kwanza tulikuwa nani. Mume wangu alikuwa seremala, na karakana yetu ilikuwa banda la nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja nilichoachiwa na mama yangu. Yeye alikata na kuunga, mimi nilipiga msasa na vanishi. Vitanda, milango, kabati za vyombo, vyote vilipita mikononi mwetu wawili. Wifi yangu mkubwa, dada yake anayeishi Ruangwa, alikuwa akija kututembelea lazima anitanie, maana mimi natumia mkono wa kushoto. "Wifi, unapiga msasa au unafukuza nzi?" Nami namjibu kwamba kaka yake analala kwenye kitanda nilichokisugua mimi, na hajachomwa na kijiti hata siku moja, kwa hiyo akae kimya anywe chai.

Miaka yote hiyo mume wangu alitegemea msumeno wa mkono, pamoja na meza ya msumeno wa mviringo aliyoiunda mwenyewe, ambayo ilirusha mbao kama punda anavyorusha mateke. Halafu kifua kikaanza. Mwanzoni alikohoa asubuhi tu. Baadaye ikawa mchana kutwa, na mwisho alikuwa anasimama katikati ya ubao, mkono uko kwenye msumeno, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Hospitali walisema vumbi la mbao limemharibia mapafu, aache kazi. Aache, tule nini? Tulipouza korosho za msimu ule akasema anatafuta mashine ya msumeno wa mkanda, itoe zile nguvu ambazo yeye hana tena.

Haya. Sasa hapo ndipo penye jambo lililonikosesha usingizi.

Mimi ni Mmakonde, yeye alikuwa Mmwera, na kwetu sote ukoo unafuata upande wa mama. Mwanamume anakuja kukaa kwa mkewe, na nyumba na kiwanja ni vya mwanamke. Lakini zana za mwanamume ni za kwao. Akifa, siku ya arobaini wapwa zake, yaani watoto wa dada zake, wanakuja kuzichukua. Hata wawe wema namna gani, wanachukua, kwa sababu kuziacha ni kama kumkana mjomba wao. Baba yangu alipofariki waliondoka hata na shoka la kuchanjia kuni, na mama akawa anaomba shoka kwa jirani kila jioni mpaka jirani akamchoka. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuyaona hayo. Nikajua kabisa kwamba mume wangu akifa nitabaki na banda tupu na makopo ya vanishi. Nitakula msasa?

Maneno hayo lakini humwambii mgonjwa. Ukitamka "ukifa" mbele ya mtu anayekohoa namna ile, unamchuria. Na yeye vilevile hakuyatamka. Tulilala kitanda kimoja, kila mmoja anajua, kila mmoja kimya. Kwa hiyo nikapanga langu moyoni. Mashine nyepesi ya matairi naweza kuisukuma mwenyewe. Siku likitokea la kutokea, kabla watu hawajajaa uani, naipeleka kwa jirani na kuifunika turubai. Ndiyo, nilipanga kuiba mashine ya mume wangu kutoka kwenye msiba wake mwenyewe. Anayetaka kunicheka na anicheke, akishaonja njaa atarudi tuzungumze.

Basi, akasikia kwamba Ruangwa kuna seremala mmoja ameacha mbao na kukimbilia machimbo ya dhahabu ya Namungo, na ameiacha mashine yake uani. Tukaenda. Tulimkuta nyumbani, mikono yote ina udongo mwekundu, anacheka tukimtajia mbao kama vile tumemtajia ugonjwa aliopona. Mashine yenyewe, loo! Chuma kizito kitupu, cha zamani, kirefu kunizidi, na kuku walikuwa wamelala juu yake mpaka imekuwa nyeupe kwa mavi. Nikasema, "Hii hata ukipewa bure unaikataa."

Mume wangu akavua shati, akaifuta. Akafungua mlango wa juu na wa chini, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasogeza sikio karibu asikie kama linakwaruza. Akaangalia kama linayumba likizunguka. Halikuyumba. Akapapasa mpira ulioko kwenye ukingo wa gurudumu, ule unaoshika mkanda usiteleze, akasema huu umekufa lakini unabadilishwa. Akalaza rula kwenye meza ya chuma na kuinama kutazama kama mwanga unapita chini yake. Akapima unene wa ubao ambao mashine ingeweza kuumeza. Halafu akaweka mikono miwili kwenye mwili wa mashine na kuisukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Haikutikisika. Yeye ndiye aliyetikisika, akakohoa mpaka akachuchumaa, na mwenye mashine akaacha kucheka, akaenda kuleta maji.

Alipopata pumzi akasema, "Tunaichukua hii."

"Wewe una wazimu," nikamwambia. "Mtu mwenyewe huwezi kubeba ndoo, unanunua mlima?"

"Ile ya kule itavunja mkanda kila wiki. Hii haitikisiki, kwa hiyo haikosei."

"Nani ataisogeza?"

"Haitasogezwa," akasema, akavaa shati lake.

Nilikasirika, sikufichi. Niliona anafanya kiburi cha fundi, kwamba hata kifo kikibisha hodi lazima awe na mashine ya maana ya kuonyesha watu. Ilipakiwa kwenye Fuso lililotoka kushusha mifuko ya saruji, vijana wakaiviringisha juu ya magogo huku wakiitukana. Njia nzima kurudi Nachingwea sikumsemesha. Yeye alikaa dirishani akiwa na leso mdomoni.

Tulipofika hakuiweka juu ya sakafu kama watu wote. Alivunja sakafu ya banda, akamlipa kijana achimbe, akaizamisha mashine ndani ya shimo hadi nusu ya miguu yake, akaweka boliti, na juu akamwaga zege la kokoto. Kabla ya kuizamisha aliniita. "Simama hapo nione mwanga wa dirisha unaangukaje." Nikasimama, na kinyongo changu, mikono nimekunja. Akanitazama muda mrefu, akachora mstari kwa chaki, akasema haya nenda.

Zege lilipokauka nikaona meza ya mashine imekuja chini mno. Mume wangu alikuwa mrefu, anainama kuingia milango aliyoitengeneza mwenyewe. Nilifurahi kumshika kosa. "Fundi mzima umekosea kipimo! Utakuwa unainama hapo kama mtu anayepalilia ufuta."

"Nitainama," akasema.

Na kweli aliinama. Alifanya kazi na ile mashine kwa muda mfupi tu, mgongo umepinda, pumzi inapiga filimbi. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama upande wa pili na kuipokea mbao inapotoka, isianguke ikapasuka ncha. Na jambo moja lilinishangaza. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Ungeweza kukaa naye banda moja kutwa, ukapata salamu na "nipe penseli". Lakini kwenye mashine ile alikuwa anasema kila anachofanya. "Nakaza mkanda. Naupiga kidole, naona umekaza. Nashusha kinga mpaka karibu na mbao. Naiacha izunguke kwanza. Sasa nasukuma, polepole, siilazimishi, naiacha ikate yenyewe. Vidole viko pembeni, haviko mbele." Kila siku maneno yaleyale, huku anakatwa na kikohozi.

"Unaongea na chuma?" nikamuuliza. "Nyamaza, maneno yanakumalizia pumzi."

Akapumzika kidogo, akaanza tena. "Nakaza mkanda."

Alifariki wakati mikorosho inatoa maua. Vijana wa msikitini walipokuja kuuliza mbao za kuzibia mwanandani, ndani ya kaburi, nikawaonyesha zile zilizoegemea ukutani, za mti wa mpangapanga, ambazo aliziranda mwenyewe baada ya kuzipasua kwenye ile mashine. Sikulia wakati huo. Nililia walipopungukiwa mbao mbili za kuzibia ncha, wakarudi kuuliza kama kuna nyingine, nikalazimika kusema hakuna, hizo ndizo za mwisho.

Arobaini ikafika nami niko ndani ya eda. Mjane hatoki kubishana na wanaume uani, kwa hiyo nilikaa chumbani, dirisha limefungwa nusu, nikasikiliza karakana yangu ikiondoka. Chuma hakijui kutembea kimyakimya. Nilijua kila kitu kwa sauti yake: hizo ni patasi kwenye mkebe, hiyo ni randa kubwa, hiyo meza ya msumeno wa mviringo inaburuzwa. Wapwa zake walikuwa wapole, nasema kweli. Mmoja alikuwa analia. Lakini walikuwa wanachukua.

Kisha nikasikia mtaimbo ukigonga zege. Ukagonga, ukagonga tena. Mpwa mkubwa akasema, "Hii mjomba aliifanyaje? Inabidi tuvunje banda zima."

Nikasikia sauti ya wifi yangu. "Wee, acha hapo."

"Mama, ni mashine ya mjomba."

"Najua ni ya mjomba wako. Imepandwa haikupandwa?"

"Imepandwa."

"Imepandwa kwenye ardhi ya nani?"

Wifi hakungoja jibu, akasema, "Mkorosho aliopanda mwanamume ukweni haung'olewi. Ninyi mmewahi kuona mtu anahama na mkorosho kichwani?"

"Mashine si mkorosho, mama."

"Basi ing'oe tukuone!"

Mtaimbo ukalazwa chini. Walichukua mikanda ya akiba iliyotundikwa ukutani. Ule uliokuwa kwenye magurudumu waliuacha, kwa sababu hawakujua unalegezwa wapi.

Wifi akaingia chumbani, akakaa kwenye mkeka karibu yangu. "Wifi, lile dude limekataa kuondoka. Sasa nani atalitumia, wewe mfukuza nzi?" Alitaka kucheka. Ikamtoka sauti nyingine, akajifunika uso kwa kanga, tukashikana, tukalia mpaka chai waliyotuletea ikapoa.

Nilipomaliza eda niliingia bandani peke yangu. Kuta zilikuwa na alama nyeupe pale zana zilipokuwa zimetundikwa. Katikati ilisimama ile mashine. Nilikuwa nimeshikilia hasira zangu zote kwa siku hiyo. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia, neno moja tu, mwanamume niliyekaa naye ujana mpaka mvi. Angeniambia "naipanda ibaki kwako", nisingemnunia njia nzima kutoka Ruangwa. Lakini angeniambia vipi bila kutamka kile ambacho hata mimi sikukitamka?

Kulikuwa na mbao moja ya mninga imebaki kwenye kona nyuma ya makopo ya vanishi, imeliwa kidogo na mchwa. Nikaiweka mezani. Nikasema, "Nakaza mkanda." Nikaukaza. Nikaupiga kidole. Nikashusha kinga. Mkono wangu ukaenda kwenye swichi bila kutafuta, mkono wa kushoto, na swichi ilikuwa pale pale, kushoto. Kwenye mashine hiyo ilipokuwa Ruangwa swichi ilikuwa kulia. Nakumbuka vizuri, kuku alikuwa ameinyea.

Nikatazama chini. Meza ilikuwa inanigusa kiunoni. Viwiko vyangu vimelala juu ya mbao, mgongo umenyooka, sikuinama hata kidogo.

"Ee Mola wangu," nikasema. "Wewe mwanaume! Kumbe hukukosea kipimo."

Nikawasha. Nikaiacha izunguke kwanza. Nikasukuma polepole, sikuilazimisha, vidole pembeni, na nikawa nasema kila kitu kwa sauti kama alivyokuwa anasema yeye, huku machozi yanashuka mpaka kwenye vumbi. Mninga ukapasuka sawasawa, mstari mmoja, mpaka ukafika mwisho. Upande wa pili hapakuwa na mtu wa kuipokea. Mbao ikaanguka chini, ikapasuka ncha.