Mteremko wa Sakafu ya Kahawa

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la kahawa, Ruiru. Siku moja meneja, mzungu, aliniletea mpira wa raba ngumu, mzito kama jiwe, nimtobolee matundu matatu ya vidole. Kule klabu yao ya Thika waliiviringisha mipira hiyo kuangusha miti iliyochongwa kama chupa. Mimi sikuwahi kuuona mchezo wenyewe. Mwafrika aliingia mle akiwa amebeba trei tu.

Alinionyesha alama ya upande mzito. Ukitoboa juu ya alama, alisema, mpira unanyooka; ukitoboa kando, unapinda. Yeye alitaka upinde kushoto, kidogo tu.

Nikatoboa kando, nikaujaribu kwenye sakafu ndefu ya saruji tulipooshea kahawa. Ukapinda kupita kiasi. Nikayaziba matundu, nikayasogeza karibu na alama, nikarudia mpaka ukapinda vile alivyotaka. Nikajivuna, mjinga mimi!

Jumatatu alirudi nao amefura. Klabuni haukupinda hata chembe, na wenzake walimcheka. "Mikono yako ni ya jembe," akaniambia, na jembe nikapewa siku hiyo hiyo.

Nilipokuwa nikirudisha funguo za karakana, wanawake walikuwa wakimwagia sakafu ile maji. Yote yalikimbilia kushoto, kwenye mtaro. Nilisimama nikayatazama mpaka yakaisha. Mteremko ule niliupima mimi mwenyewe, na saruji yake nikaimwaga kwa mikono hii.