Siku za Ukili

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mwaka juzi, mke mwenzangu alifariki kwa presha nyumbani kwake Bunju. Siku hiyo nilipoteza mtu ambaye nilimwonea wivu miaka mingi, na nilipoteza pia siku zangu mbili. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu hata kilio changu kilikuwa cha yote mawili.

Hizo siku mbili nitazieleza. Mume wetu ni seremala, karakana yake iko Temeke. Alikuwa analala siku mbili kwangu Chamazi, siku mbili kwa mwenzangu Bunju, halafu anarudi kwangu. Wanawake wengi wakisikia hivyo hunionea huruma. Sikuwa na haja nayo. Siku ambazo hakuwepo zilikuwa zangu, na mimi nasuka mikeka.

Mama yangu alinifundisha kusuka huko kwetu upande wa Lindi, kabla sijamaliza darasa la saba. Unanunua milala mikavu, yale majani ya kusukia, unaichana, unaichemsha na rangi, kisha unaisuka kuwa utepe mrefu. Utepe huo ndio ukili. Ukitosha, unaushona ubavu kwa ubavu mpaka unakuwa mkeka. Mtu aliyetulia anamaliza mkeka kwa miezi michache. Mimi ulikuwa unapita mwaka na bado nimebakiza pembe.

Nilikuwa na sababu zangu. Asubuhi nachoma maandazi ya kuuza. Nina watoto wanne. Halafu zinakuja siku zake baba watoto, na hizo nilikuwa nazifanyia kazi kama mtu anayetafuta ajira. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, maji ya kuoga yamekwishawekwa bafuni kabla hajavua viatu, chumba kinanukia udi. Yalikuwa mapenzi, lakini hayakuwa mapenzi peke yake. Nilijua keshokutwa atakula kwa mwingine, nikataka aondoke na ladha yangu mdomoni. Akiondoka nabaki na nguo za kufua, masufuria yaliyoungua na mgongo unaouma. Nikija kushika ukili jua limeshaanza kushuka, nasuka urefu wa mkono, mtoto analia, naukunja.

Mwenzangu yeye alikuwa anamaliza mikeka.

Nilianza kuiona kwenye shughuli za ukoo. Harusi ya shemeji, katikati ya sebule, mkeka wa zambarau na kijani, umetulia sakafuni hauna hata sehemu iliyonyanyuka. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaupigapiga kwa kiganja.

"Wifi, umemwona mwenzio? Huyo ndo mwenye mkono."

"Nimeuona."

"Mbona umenuna sasa? Kaa, hauumi."

"Ana watoto wawili tu," nikamwambia. "Angekuwa na wanne kama mie, ungemwona."

"Haya, we hesabu watoto. Mie nakaa."

Akakaa, akanyoosha na miguu. Mimi nilikaa kwenye jamvi la plastiki pembeni, nikasema mkeka unanipa joto. Kwenye mwezi wa saba.

Watoto wawili. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa miaka yote. Nikiongeza kwamba Bunju kumetulia, majirani hawaingii ingii, na yeye hachomi maandazi. Mwaka mmoja alimpa mume wetu fungu la milala ya zambarau aniletee, ilimbakia. Rangi ilikuwa imeingia sawasawa mpaka kwenye ncha, mimi yangu siku zote hutoka na mabaka. Sikuisuka. Nilifungia mafungu ya mchicha niliyokuwa nauza, mpaka ikaisha.

Msibani Bunju wanaume walikaa nje kwenye turubai, wanawake ndani. Makochi yalikuwa yametolewa na chini ilitandikwa mikeka yake, yote aliyokuwa nayo, hadi ule ambao alikuwa hajaukalia bado. Wanawake waliingia na miguu yenye vumbi na kukaa. Mimi nilipewa nafasi karibu na mlango wa chumbani, nafasi ya mfiwa. Dua ikaanza. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, na mimi pia niliinamisha, ila mkono wangu ulishika pindo la mkeka na kulibinua ili nione upande wa chini.

Msukaji yeyote anajua kwa nini. Juu kila mtu anaweza kupendeza. Chini ndiko unakoona mafundo, na ncha za milala zilizoungwa katikati ya safari. Mkeka wangu ukiubinua chini unachoma kama ndevu.

Wake chini ulikuwa laini. Ncha zote zilikuwa zimekatwa usawa na ukili wenyewe. Nilipitisha kidole mara ya pili nikitafuta hata moja.

"Unatafuta nini, mwanangu?" shangazi yake mume wangu alininong'oneza.

"Sindano, shangazi. Imenidondoka."

"Sindano ya nini msibani?"

Nilianza kulia. Shangazi akanikumbatia, akawaambia wenzake niachwe, huyu walikuwa wanaelewana sana na marehemu. Hatukuwa tunaelewana sana. Tulikuwa tunasalimiana kwa simu sikukuu mbili za mwaka, na mtoto akiumwa. Lakini machozi yalikuwa ya kweli. Nilimlilia, maana alikuwa mdogo kuliko mimi na alikuwa ameacha watoto. Na nililia kwa sababu alipata muda hata wa kukata ncha.

Baada ya arobaini nyumba ya Bunju ilipangishwa. Mume wangu akaja na watoto wake wawili, binti wa darasa la sita na mdogo wake wa chekechea, mabegi na kiroba kimoja. Ndani ya kiroba kulikuwa na ukili uliokunjwa kama gurudumu, wa zambarau na mweupe, na milala iliyobaki. Mkeka ambao mama yao hakuwahi kuumaliza. Binti aliuweka chini ya kitanda chake bila kumuuliza mtu.

Basi nikawa na watoto sita, na mume kila siku. Sisemi hivyo kwa kulalamika juu ya watoto. Walikuwa wapole, binti alinisaidia kuosha vyombo bila kutumwa, akiamka tu, "Shikamoo mama mkubwa," anashika ufagio. Lakini siku zangu zilikwisha. Wali wa nazi ukawa wa kila siku, na samaki na maji ya kuoga. Ukili wangu ulikuwa juu ya kabati, umeshika vumbi na masizi. Kila nikiinama chini ya kitanda cha yule binti kufagia, nauona ule mwingine, msafi. Nilikuwa naugusa kwa ufagio, si kwa mkono.

Siku moja tunaosha vyombo uani mimi na yeye, nikamuuliza kama mtu anayepitisha muda tu.

"Hivi mama yako alikuwa anasuka saa ngapi?"

"Siku nzima."

"Siku nzima ipi? Na kupika?"

"Siku ya ukili alikuwaga hapiki."

"Mnakula nini?"

"Baba anakuja na mihogo. Au chipsi. Mara moja alileta utumbo, mama akacheka mpaka akakaa chini, maana ulikuwa haujaoshwa."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Baba anakuja? Kwani ni siku ambazo baba yupo?"

"Ndiyo. Siku ambazo hayupo mama alikuwa anafua na kupumzika. Siku za baba ndo anasuka, maana baba ndo anakata ncha."

"Baba gani?"

Akanitazama. "Baba, mama mkubwa. Baba huyu huyu. Anashika wembe, mama anamwekea ukili mapajani, wanakaa barazani. Anakata huku anasikiliza mpira."

Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Mimi nilikuwa nimemwonea mwenzangu wivu wa mkono wake, wa rangi zake, wa watoto wake wawili. Hayo nilikuwa nimeyazoea. Huu ulikuwa mpya. Mwanaume ambaye kwangu alikuwa anakaa amenawa mikono anasubiri sahani, kule alikuwa anakaa na wembe.

Jioni tulikula wote sebuleni. Nilisubiri watoto wanyanyuke.

"Ni kweli ulikuwa unamkatia mwenzangu ncha?"

Alikuwa anachambua mwiba wa samaki. "Nani kakwambia?"

"Jibu."

"Si alinambia nikate. Mie seremala, mama, nikiona kitu kina ncha mkono unaniwasha." Akacheka. Alipoona sicheki akaacha.

"Na siku hapiki, ulikuwa husemi kitu?"

"Niseme nini? Alishanambia siku ya ukili sipiki, pitia kitu njiani. Napitia."

"Miaka yote hiyo mie nakupikia samaki."

"Nawala, si ndiyo?"

"Mbona kwangu hujawahi kushika hata mlala mmoja?"

Akaweka samaki chini. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinikera zaidi. "Wewe hujawahi kunambia. Wewe ukimwona mtu kakaa tu, unampa sahani. Mie nilijua unapenda kupika."

Niliingia chumbani. Nilimwonea wivu marehemu siku ile kuliko siku zote alizokuwa hai, maana nikiwa napambana naye kwa masufuria, mwenzangu hakuwa hata uwanjani. Kitu nilichokuwa nakiona ni bahati yake, alikuwa amekisema kwa mdomo wake, mara moja, akapewa.

Kesho yake asubuhi, mume wangu anafunga viatu, nikamwambia.

"Alhamisi sipiki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nasuka."

"Haya," akasema, akaondoka zake. Haya tu! Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikabaki nayo mlangoni.

Wifi alikuwa ameshapata habari kabla ya Alhamisi kufika. Alinipigia simu. "Wifi, nasikia umefunga jiko. Marehemu kakurithisha uvivu na mkono hajakupa?"

"Kwa hiyo alikuwa mvivu? Si ulisema ndo mwenye mkono?"

"Vyote viwili alikuwa navyo. We anza na kimoja," akasema, akacheka peke yake mpaka salio likaisha.

Alhamisi nilimaliza maandazi, nikafagia, nikashusha ukili wangu kabatini. Niliupangusa, nikainyunyizia milala maji ilainike, nikakaa barazani. Mikono ilikuwa imesahau. Nilifumua, nikaanza tena. Adhuhuri watoto walikula kiporo na maandazi. Alasiri binti akarudi shule, akabadili nguo, akatoka na ule ukili wa mama yake amekumbatia.

"Mama mkubwa, naomba unimalizie. Mama alisema ni wa kwangu, nikiwa mkubwa."

Nilijua jibu linalotakiwa. Mtu mwingine angelitoa. Mimi nilitazama ule ukili, ulivyobana, zambarau ilivyonyooka, nikajua nikianza kuumalizia huo, Alhamisi zangu zote zitakuwa za marehemu, na mwisho watu watabinua na kuonyesha, hapa ndipo alipoishia yule, hapa ndipo alipoanza huyu.

"Mie nina wangu," nikamwambia.

Hakulia. Alibaki amesimama. Uso ule wa mama yake, na mimi nimemnyima.

"Kaa hapa," nikasema. "Nitakuonyesha mkono unavyokwenda. Utaumaliza mwenyewe."

"Utaharibika."

"Utaharibika kidogo. Kisha utanyooka."

Akakaa. Nilimwonyesha kwenye ukili wangu, yeye akafuatisha kwenye wa mama yake. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini milala ilikuwa inabana vilevile kama ya mama yake, na hilo nililiona haraka nikatamani nisingeliona.

Mume wangu alirudi na mihogo ya kukaanga, na kachumbari kwenye mfuko wa nailoni. Watoto wakaivamia. Yeye alinawa, akala akiwa amesimama, akaingia ndani na kutoka na wembe. Aliketi katikati yetu, mimi kulia, binti kushoto, akanyoosha mkono kushoto. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe kwenye ile zambarau.

 Niliuweka ukili wangu mapajani kwake.

Aliutazama. Akaugeuza chini, akaziona ncha zangu, akaanza kukata. Alikata mbili tatu vizuri. Ya nne akaingia ndani sana, wembe ukapita kwenye ukili wenyewe na milala miwili ikafunguka.

"Ah. Za mwenzio zilikuwa ndefu," akasema. "Alikuwa anaacha mahali pa kushika."

Binti aliinamisha kichwa. Mimi niliuchukua ukili wangu, nikafumua mpaka pale alipokata na kupita kidogo, nikaingiza milala mipya, na safari hii ncha niliziacha ndefu. Kisha nikamrudishia.

"Shika vizuri," nikamwambia.

Akashika.